Miaka miwili nabana vibaya

Binti yangu wa mwisho ana miaka sita na ana kamba ya kuruka ya pinki aliyoletewa na mjomba wake. Jumapili moja jioni akanivuta uani, mama njoo turuke, mbona mama Rehema anaruka na wanawe. Nikakaza kanga kiunoni nikaingia. Ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu nikasikia kitu cha moto, ya nne nikasimama nikamwambia mguu unaniuma. Mguu wapi! Kanga ilikuwa imenigandia mapajani na nikaingia ndani kinyumenyume ili mtoto asione nyuma yangu.

Hii habari nimeiandika nikafuta, nikaandika nikafuta, kama mara tatu hivi, maana mwanamke wa miaka 41 kusema mbele za watu kwamba anajikojolea si kitu kidogo. Lakini juzi kwenye kikoba nimegundua tuko wengi tu, kila mtu kakaa kimya na pedi yake kwenye mkoba, afu kuna kosa moja nimelifanya miaka miwili nikijua najitibu na nahisi kuna mwenzangu analifanya sasa hivi akiwa kwenye daladala. Basi naandika.

Mi nimezaa watatu, wote njia ya kawaida, huyu wa mwisho kilo nne na pointi moja. Baada ya huyo ndo mambo yakaanza. Mama alikuja kunilea, akanikanda maji ya moto, akanifunga mkaja arobaini nzima mpaka kupumua kwa zamu, nimehudumiwa kweli kweli sina lawama. Nilipotoka arobaini nikaanza kuona, nikipiga chafya tone, nikikohoa tone, nikinyanyua ndoo tone, nikicheka ndo usiseme. Nikamwambia mama. Akanijibu hata bila kuacha kuchambua mchele wake, "Mwanangu, ukizaa ndo hivyo, hata mimi." Hata mimi! Yaani umri wote huo naishi na mama yangu na sikuwahi kujua.

Kazi yangu ni ualimu wa sekondari, na chaki na chafya unazijua. Nikawa na pedi mbili kwa siku, baibui jeusi siku zote, kanga ya akiba kwenye mkoba, na kabla ya kila kipindi napita chooni hata kama sina mkojo. Kilichoniuma zaidi ni swala. Tone likishatoka udhu umetenguka, hakuna mjadala. Kwenye tarawehe mwenzangu anakohoa anaendelea na rakaa yake, mi nikikohoa natoka kwenye safu nakwenda kujisafisha na kutawadha upya, nikirudi wameshasonga mbele. Ramadhani moja nikaswali nyumbani mwezi mzima, watu nikawaambia mtoto ananisumbua.

Nilienda zahanati, sitaitaja. Nikaeleza, mkojo unanitoka nikikohoa. Nikaambiwa una UTI. Si mnajua huku kwetu UTI ni ugonjwa wa kila mtu, ukienda na kichwa UTI, ukienda na kiuno UTI. Nikapewa dawa siku saba. Nikarudi, nikapewa nyingine kali zaidi. Mara ya tatu nikapewa sindano. Mkojo ukaendelea kutoka kama kawaida, kwa sababu mi sikuwa na maumivu, sikuwa na homa, sikuwa na chochote ila kikohozi na tone.

Baadae sana ndo nikamuona daktari wa wanawake kwenye hospitali nyingine. Huyo alipima mkojo kwanza, safi. Akaandika kwenye kadi neno la Kizungu lenye stresi ndani yake, nikamwambia daktari stresi ninazo, ada za shule, mkopo, mume, ila sidhani kama ndo zinanikojoza. Akacheka mpaka akavua miwani. Kumbe stresi hiyo si ya mawazo, ni mgandamizo. Ukikohoa, ukicheka, ukiruka, tumbo linasukuma kwenda chini kwa nguvu, kibofu kinabanwa, na kama kile kinachotakiwa kuziba njia ya mkojo kimelegea basi mkojo unapita. Akasema kuna aina nyingine ambayo unashikwa ghafla na haja na hufiki chooni, hiyo ni kibofu chenyewe kinajikaza bila ruhusa, na kuna wenye zote mbili. Akaniuliza kama mkojo unachuruzika muda wote usiku na mchana bila kukatika, nikasema hapana, akasema vizuri, maana hiyo huwa ni fistula, tundu linalobaki baada ya uchungu wa kukwama, na hiyo haitibiwi kwa mazoezi bali kwa upasuaji. (Kama unamjua dada yeyote wa hivyo, hospitali ya CCBRT hapa Dar wanafanya operesheni ya fistula bure, na wamewahi mpaka kuwatumia wagonjwa nauli ya basi kwa M-Pesa ili waweze kufika. Mwambie.)

Halafu akasema nakuandikia fiziotherapia. Nikashangaa. Fizio mi naijua ni ya wazee waliopooza na vijana waliovunjika miguu kwa bodaboda. Nikamwambia daktari, kegel, yale mazoezi ya kubana misuli ya huko chini, nazifanya miaka miwili sasa. Akasema "nenda tu."

Ngoja niseme hizo kegel nilizipata wapi. Kulikuwa na grupu la WhatsApp la akina mama, humo kuna dada anauza vitu vya "kubana", anatuma voisi noti ndefu, mara shabu, mara vijiti, mara unga wa kuweka sijui wapi, na katikati ya biashara yake akawa anafundisha kegel za kumfanya mume asitoke nje. Shabu sikugusa namshukuru Mungu, ile ni ya kusafishia maji, inakausha na kuunguza, si ya kuweka kwenye uke wako. Ila kegel nikazichukua. Bana, achia, bana, achia. Nilikuwa nabana mia kwa siku, kwenye daladala, kwenye kikao cha walimu, nikisimamia mtihani. Nilikuwa najiona mjanja. Na chooni nilikuwa nakata mkojo katikati kila nikikojoa, maana voisi noti ilisema hivyo.

Chumba cha fizio kilikuwa cha kawaida tu, kitanda, pazia, mipira mikubwa ya mazoezi, na mzee mmoja upande wa pili anafundishwa kutembea na fremu. Nikaona hapa mi nimepotea. Akaja fizio mwenyewe, binti mdogo kwangu kwa miaka kumi hivi, akaniamkia, "Shikamoo mama, karibu," akanipeleka chumba cha ndani na kufunga mlango kwa funguo. Hilo la funguo lilinipa moyo. Siku hiyo hatukufanya zoezi hata moja, ni maswali tu. Nimezaa mara ngapi, nilichanika, napata choo kigumu, nakunywa nini, kikohozi ninacho, nanyanyua nini nyumbani, tendo la ndoa linauma. Hilo la mwisho nilitaka kukwepa. Akasema mama nauliza kwa sababu kuna wanawake misuli yao haijalegea, imekaza kupita kiasi, wana maumivu, na hao ukiwaambia wabane unawaongezea tatizo, wanatakiwa kufundishwa kuachia kwanza.

Akanipa kazi ya nyumbani, daftari la siku tatu. Kila ninachokunywa naandika, kila nikikojoa napima naandika, kila tone naandika nilikuwa nafanya nini. Nikatenga jagi la plastiki lenye mistari ya mililita nikalificha chooni nyuma ya ndoo. Siku ya pili baba watoto akatoka nalo mkononi, "Hili jagi la juisi linafanya nini huku?" Ilibidi nimwambie kila kitu pale pale koridoni, miaka sita ya siri imeisha kwa sababu ya jagi. Akakaa kimya, afu akasema kumbe ndo maana hutaki kusafiri na basi. Ndiyo, ndo maana.

Daftari likanisuta. Nilikuwa naenda chooni mara kumi na nne kwa siku na mara nyingi natoa kikombe kidogo tu, nakunywa maji kidogo mno kwa woga, halafu nakunywa chai ya rangi vikombe vitano kama askari wa zamu. Binti akasema ukikipeleka kibofu chooni kila dakika kinazoea kudai kikiwa hakijajaa, na mkojo mzito nao unakikera. Akaniambia ninywe maji kama binadamu wengine, chai nipunguze, na hizo safari za chooni za "nisije nikaaibika" niziache polepole.

Wiki iliyofuata ndo ukaguzi. Nasimulia kwa sababu watu wanaogopa. Alinieleza kwanza anachotaka kufanya na kwa nini, akasema ukikataa naacha, kuna njia nyingine. Nikakubali. Nikalala chali magoti juu, akanifunika shuka, akavaa glavu, akapaka jeli, kidole kimoja. Haiumi, ni aibu tu ya dakika mbili. Akasema haya mama, bana kama unavyobanaga. Nikabana kwa sifa zote za miaka miwili.

Akanyamaza kidogo. Akasema, "Mama, hubani. Unasukuma."

Jamani. Nilikuwa nashika pumzi, nakaza makalio, nakaza mapaja, nakaza mpaka taya, halafu kule kunakotakiwa kupanda juu ndo nasukuma chini kama niko leba. Mara mia kwa siku. Nilikuwa namfanyia mazoezi adui. Nikataka kulia, akaniambia wala usijilaumu mama, wengi wanakuja hivi hivi. Akanisimulia kuna watafiti Marekani mwaka 1991 walichukua wanawake 47 wakawaeleza kwa mdomo tu jinsi ya kubana, halafu wakawapima. Kama nusu tu ndo walibana inavyotakiwa, na robo nzima walikuwa wanafanya kitu kinachoweza hata kuongeza kuvuja. Mi ni wa hiyo robo.

Na hapa kuna kitu kilinikera nilipoenda kusoma zaidi. Kegel si jina la zoezi, ni jina la mtu, Arnold Kegel, daktari wa wanawake kule Los Angeles, aliyeandika kuhusu haya mazoezi mwaka 1948. Na yeye hakuwaacha wanawake wabane gizani! Alitengeneza kifaa cha kuingiza ukeni kilichounganishwa na geji, kama ile ya kupimia upepo wa tairi, mwanamke akibana sawasawa anaona mshale unapanda, akikosea anaona haupandi. Yaani mwenye jina lake alijua kabisa kwamba bila kuonyeshwa mtu hajui anachobana. Jina likasafiri mpaka kwenye voisi noti za Mbagala, geji ikabaki Los Angeles.

Sasa jinsi ya kubana. Binti alinieleza hivi na mpaka leo sijasikia maelezo mazuri kuliko haya: "Mama, jifanye uko sebuleni kwa wakwe, gesi inataka kutoka na mama mkwe kakaa pembeni yako. Zuia. Makalio yasisogee, atakuona. Uso usibadilike, atakuona. Haya sasa hiyo hali ilete na mbele, kwenye mkojo, kama unanyonya kitu kipande juu ndani." Nikafanya. Akasema ndiyo, hiyo, umeipata. Kitu chenyewe ni kidogo mno, kinanyanyuka tu kama pazia, sio ile vita niliyokuwa napigana. Na kuachia nako ni kazi, lazima ishuke yote kabla hujabana tena. Nyumbani akaniambia niangalie kwa kioo, ukibana vizuri ile sehemu kati ya uke na njia ya haja kubwa inavutwa ndani na juu, ukiona inatuna nje ujue unasukuma, acha.

Alinipa alama mbili. Wana kipimo chao, sifuri mpaka tano. Mwalimu mimi, wa kuwapa watoto alama, nikapata mbili kati ya tano.

Akanielezea na hiyo misuli yenyewe, ni kama kitanda cha kamba. Mbele imefungwa kwenye mfupa wa kinena, nyuma kwenye kifupa cha mkia, katikati zimelala kibofu, kizazi na utumbo wa mwisho. Bibi yangu alikuwa na kitanda cha kamba na mi nakumbuka kamba zikilegea unalala umezama katikati kama ndizi, mpaka aje fundi akiwambe upya. Basi mimba tatu na kilo nne na pointi moja vimelala juu ya kamba hizo. Nilimuuliza na mkaja je, akasema mkaja unashika tumbo, kamba za chini hauziwambi, na ukikazwa mno unaweza hata kusukuma vitu kuelekea chini. Mama sijamwambia hilo. Atanuna.

Dozi yangu ilianza ndogo kuliko nilivyotegemea. Nilikuwa naweza kushikilia sekunde tatu tu kabla haijaachia yenyewe, basi akaniandikia sekunde tatu bana, sekunde sita pumzika, mara tano, halafu za haraka haraka kumi. Mara tatu kwa siku. Akasema bora tano za kweli kuliko mia za uongo. Mi nikaziweka baada ya swala, alfajiri, adhuhuri na isha, nikishatoa salamu nabaki hapo hapo kwenye mswala, tasbihi mkononi, nabana. Mwanzo nilikuwa nafanya nimelala, afu nimekaa, afu nimesimama, na kupanda dozi ilikuwa kila tukionana, mpaka nikafika kushikilia sekunde nane mara kumi. Nahesabu kwa sauti, maana ukihesabu kwa sauti huwezi kushika pumzi. Na ile ya kukata mkojo chooni akanikataza kabisa, kujaribu mara moja ujue misuli iko wapi sawa, ila kuifanya zoezi unakivuruga kibofu, kinashindwa kumaliza vizuri.

Kitu kilichonisaidia haraka zaidi si hata hizo sekunde, ni ujanja mdogo wa kubana kwanza ndo ukohoe. Chafya inakuja, unaisikia puani, bana, piga chafya, achia. Unanyanyua ndoo, bana, toa pumzi, nyanyua. Inaonekana kitu cha kijinga lakini mwaka 1998 kuna utafiti ulifanyika Marekani kwa akina mama wazee wanaovuja, wakafundishwa hivyo tu, na baada ya wiki moja mkojo uliotoka kwa kikohozi cha wastani ulipungua kwa asilimia 98, na kwa kikohozi kizito asilimia 73. Wiki moja, hata misuli haijapata muda wa kunenepa. Mi ilinichukua zaidi ya wiki maana chafya zangu za chaki hazipigi hodi, lakini kufika mwezi mkono unaenda kwenye pua na huku chini kumeshabanwa, bila kufikiri.

Wiki ya tatu nilitaka kuacha. Hakuna kilichobadilika zaidi ya huo ujanja, pedi ni zile zile, na mshahara unaliwa kwa sababu bima yangu ilikataa kulipia. Nikamwambia binti, si kuna mashine ya umeme? Nimeona mtandaoni. Akasema ipo, hata hapa ipo, inaingizwa inatuma umeme mdogo misuli inajikaza yenyewe, lakini anaitumia kwa mama ambaye akiambiwa abane hakuna kitu kinachosogea kabisa, ili aisikie misuli iko wapi. Wewe unabana, ya nini. Akanitajia Kari Bø, fizio wa Norway, ambaye yeye na wenzake mwaka 1999 walilinganisha mazoezi, umeme, na vile vizito vidogo vya kuweka ukeni na kuvizuia visianguke, kwa miezi sita, na mazoezi ndo yakawa bora. Hao wa mazoezi walikuwa wanabana 8 mpaka 12 mara tatu kwa siku na mara moja kwa wiki wanakutana kundi zima na fizio. Nikamuuliza na ile ya kuangalia kwenye skrini unabana kiasi gani, akasema ni nzuri kwa kujifunza, ila Uingereza walifuatilia wanawake 600 kwa miaka miwili, matokeo yalitoka 2020, waliotumia skrini na waliofanya mazoezi bila skrini wakawa sawa tu. Roho ikatulia, nikajua sijanyimwa kitu cha matajiri. Kilichonitoa kwenye robo ya wanaosukuma kilikuwa kidole cha binti mmoja mwenye glavu na maneno ya mama mkwe.

Akanipa na namba nyingine nikaenda kuihakiki mwenyewe, mi mwalimu sikubali tu. Mapitio makubwa ya 2018 ya Cochrane, shirika linalochambua tafiti za tiba, yalikusanya tafiti nyingi, na kwa wanawake wenye tatizo kama langu, waliofanya mazoezi 56 kati ya 100 walisema wamepona, ambao hawakutibiwa ni 6 tu. Si wote 100, nakubali. Ila kumbuka mama yangu alishanihukumu sifuri.

Miongozo ya Uingereza inasema ujaribu kwa miezi mitatu angalau ukiwa na msimamizi kabla ya kufikiria operesheni. Operesheni zipo, kuna ya kuweka mkanda chini ya njia ya mkojo, na wapo wanaoihitaji kweli, lakini mikanda ya plastiki imeleta kesi na machozi nje huko mpaka Uingereza wakaisimamisha 2018, so kuanza na kitu ambacho kikishindikana hujapoteza zaidi ya muda naona ni akili tu.

Wiki ya saba hivi niko dukani kwa Mpemba, vumbi la unga, nikapiga chafya tatu mfululizo, ya kwanza nimebana, ya pili na ya tatu zimenikuta sijajiandaa. Nikasubiri ule umoto. Haukuja. Nikasimama pale nikijisikilizia kama mtu aliyepoteza simu, Mpemba ananiambia "mama elfu nne mia tano," mi nimeganda. Nikafika nyumbani nikaangalia pedi, kavu. Kavu!

Tusidanganyane, haikwenda moja kwa moja. Mwezi wa tano nilipata kikohozi cha kifua wiki mbili, nikarudi nyuma nikakata tamaa, pedi mbili tena. Binti akasema tibu kikohozi kwanza, huwezi kuwamba kitanda mtu anarukaruka juu yake. Choo kigumu nacho vivyo hivyo, kule kujikamua ni kusukuma zile zile kamba, basi mapapai, mboga, maji, na kijistuli cha plastiki cha kuwekea miguu chooni kwa sisi wa vyoo vya kukaa. Na uzito, hapo ndo pagumu maana mi chapati siziachi, lakini kuna utafiti wa Marekani wa 2009, wanawake wanene waliopunguza kama asilimia 8 ya uzito wao walipunguza mara za kuvuja kwa karibu nusu. Mi nimepunguza kilo nne. Msinipongeze bado.

Ila ukiona damu kwenye mkojo, au kuna kitu kinashuka kama yai ukeni, au ganzi huko chini, au mkojo hautoki kabisa, usije ukasoma blogu yangu ukajifungia ndani kubana, nenda hospitali. Na kama unatafuta wa kukufundisha, ukifika hospitali kubwa uliza idara ya fiziotherapia, sema wazi "nataka anayefanya misuli ya nyonga ya wanawake". Si kila fizio anaifanya. Wanasomeshwa hapa hapa nchini, hospitali ya KCMC Moshi wana chuo cha siku nyingi, lakini wengi wanaishia kwenye migongo na magoti kwa sababu ndo wagonjwa wanaokuja, sisi wengine tumekaa nyumbani na kanga ya akiba.

Kwenye kikoba nilisema juzi. Mama mmoja mchekeshaji wetu alikuwa anasimulia jinsi mumewe alivyokimbizwa na bata mzinga, watu wanacheka wameshikana, nikaona wanne, nimewahesabu, wamepandisha mguu mmoja juu ya mwingine haraka haraka kwa ule mtindo ninaoujua. Nikasema, "Jamani ni mimi tu au kuna mwingine mkojo unamtoka akicheka?" Kimya. Afu mweka hazina, bibi wa miaka sitini na, akasema "Nilidhani ni mimi peke yangu tangu mwaka tisini na nne." Ile siku hela za mfuko wa jamii hazikuhesabiwa. Nimewaonyesha ile ya mama mkwe pale pale kwenye viti vya plastiki, wanawake kumi na saba wamekaa uso haubadiliki, wanazuia gesi isiyokuwepo.

Mi sasa hivi nina alama nne. Pedi sivai siku za kawaida, navaa nikiwa na mafua au safari ndefu, na tarawehe mwaka huu nimekosa siku mbili tu, zote za hedhi. Nikicheka sana kibofu kikiwa kimejaa bado tone linaweza kuponyoka. Kukutana na binti wa fizio ni mwezi wa nane, ameniambia safari hii nije na kamba ya kuruka, turuke mbele yake tuone. Ile ya pinki mwanangu hataki kuniazima, basi nimenunua yangu Kariakoo, elfu tatu, ya bluu. Iko juu ya kabati, sijaigusa.